Kidoti Kimesimama Kona ya Chemchemi

Pale Chanji, mjini Sumbawanga, ukishapita kwa fundi wa kuchomelea vyuma na kabla hujafika mashine ya kusaga, lipo bampa la lori lililolazwa juu ya mawe mawili. Lori lenyewe lilikufa zamani na hakuna anayekumbuka lilikuwa la nani, ila bampa lake limebeba watu wengi kuliko lori lilivyowahi kubeba. Mwezi wa saba chuma kile huuma kwa baridi, na upepo wa milima ya Mbizi hushuka mjini bila kupiga hodi, ndiyo maana kila mwanakijiwe huja na gunia lake la kukalia. Adija huinjika birika baada ya swala ya alasiri, vikombe vidogo vikiwa ndani ya ndoo, kashata kwenye sinia lililofunikwa kitambaa. Birika ni moja. Likiisha, mjadala umeisha, hata kama serikali mpya ilikuwa bado haijapata mawaziri.

Siku hiyo watu walikuwa wamechoka. Mahindi yalijaa maghalani na wanunuzi hawaonekani, vumbi lilikuwa limeingia mpaka kwenye kope, na hata ubishi ulikuja kwa kukokotwa. Mzee Wilibrodi ndiye aliyefika wa kwanza. Kijiweni walimwita Mzee Amina, kwa sababu alikuwa katekista miaka mingi, na mtu akimaliza kusema jambo lolote la maana, hata la mbolea, yeye huitikia amina. Siku za kawaida alitembea na fimbo na rozari tu. Siku hiyo alikuja na kapu.

Alitandika gunia, akaketi, akavuta pumzi. Kisha akatoa kapuni redio ndogo ya mkononi yenye antena ndefu, na kishikwambi chenye kioo kilichopasuka pembeni. Akaviunganisha kwa waya polepole, kama mtu anayetandika altare.

Adija alivitambua vitu vile, akaacha kupepea moto. Vilikuwa vya Mathias, mtoto wa mzee, aliyezikwa mwaka jana mvua zilipoanza. Tangu msiba ule havikuwahi kutoka nje ya nyumba.

— Baba, nikupe na kashata? aliuliza, kwa kutafuta la kusema.

— Kashata ni ya wenye meno, mwanangu. Yangu yamestaafu kabla yangu. Nipe kahawa.

Alikunywa, macho yakiwa kwenye kioo. Zamani, alipokuja kijiweni na mjukuu wake Bertilla, kashata zilikuwa hazilali. Mtoto alikuwa akikaa katikati ya wazee kama mwenyekiti, akitafuna, na Adija akilalamika kwamba mteja huyu atamfilisi. Sasa kashata zilikuwa zinalala.

Kwa asiyemjua Mathias, habari yake ni fupi. Alijifunza mambo ya redio za ridhaa akiwa seminari, kwa bruda mmoja mzee, akafanya mtihani, akapata leseni na jina la hewani linaloanza na tano na H, kama yalivyo majina yote ya Tanzania. Watu wa redio za ridhaa hawapigi muziki wala hawauzi matangazo. Huitana wao kwa wao, mlima kwa mlima na nchi kwa nchi, kwa kupenda tu. Seminari ilimshinda, redio haikumshinda. Aliponunua pikapu ya kushukia bonde la Rukwa, mama yake, marehemu Cornelia, alikuwa bado hai, na kila gari lilipoanza kuteremka mlima wa Lyamba mama huyo alikuwa hali wala hanywi, maana kule mteremkoni simu hazishiki. Ndipo Mathias akafunga ndani ya gari kisanduku kisichozidi kitabu cha sala. Kisanduku huuliza setilaiti kilipo, kisha hutangaza kwa redio: mimi fulani, nipo mahali fulani. Juu ya Mbizi, yeye na rafiki yake Steven wa Mbeya walisimamisha mlingoti wenye chombo cha kupokea na kurudia, kinachoishi kwa jua. Kinachosemwa bondeni Mbizi hukisikia, Mbizi hukirudia, na redio ya nyumbani hukoroma krrr kama chura aliyekanyagwa. Hapo kidoti chekundu husogea kwenye ramani, na pembeni yake husomeka jina la hewani la Mathias.

"Hii si ya biashara, ni ya mama," alikuwa akisema.

Mama alitangulia, mwana akafuata. Kidoti kikabaki kinatembea, kwa sababu hakuna aliyekuwa na moyo wa kukizima.

Rahim alifika akisukuma bodaboda iliyoishiwa mafuta. Huyu walimwita Bando, kwa kuwa maarifa yake yote hukatika siku bando la simu linapoisha.

— Shikamoo, mzee wangu.

— Marahaba.

— Leo umetoka na mtambo. Kuna nini?

— Gari lipo njiani.

Rahim alichungulia kioo, akaona kidoti kipo Muze, chini kabisa ya mlima, kinaelekea huku juu. Hakuuliza zaidi. Chanji nzima ilijua gari limekwenda wapi. Shedrack, mtoto wa dada yake Wilibrodi, aliyeachiwa usukani baada ya msiba, alishuka jana kwenda Mtowisa, kule bondeni, na safari hii hakufuata mpunga. Alikwenda kwa Lydia, mjane wa Mathias. Lydia alikaa nyumbani kwa mkwewe hadi arobaini ilipopita, kaka zake wakaja kumchukua akapumzike kwao, yeye na mtoto wao, Bertilla. Akapumzika masika yote. Mpunga ukapandwa, ukavunwa, na hakuna aliyesema anarudi wala harudi.

Wilibrodi alimtuma Shedrack na maneno machache: mwambie nyumba ya Mathias ni yake na ya mtoto. Akipenda kuja, mlete. Asipopenda, msalimu mama yake, rudi salama, wala usimuulize sababu. Tena akamkataza asipige simu kuleta jibu. Kwa heshima ya nyumba yao, mkwe hamhoji mkamwana, na jambo kama hilo halitupwi kwenye simu kama bei ya ulezi. Jibu litashuka kwenye gari, au halitashuka.

Kwa hiyo akabaki na kidoti.

Muhidin na Kasimiri walifika pamoja, wakigombana tangu barabarani. Muhidin aliendesha malori nusu ya maisha yake, akaitwa Gia Nne, kwa sababu hata miguu yake ilikuwa haijui mwendo wa polepole. Kasimiri alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo, na tangu astaafu alijipa kazi ya kuongoza vikao visivyo vyake. Huyo ndiye Spika. Alikusanya methali kama mtu anavyokusanya misumari ya zamani: nyingi, zimepinda, na haachi kuzigongomea.

— Kipo wapi? aliuliza Muhidin, bila salamu nyingine. Naye alijua.

— Kimeshika mlima, alisema Wilibrodi.

Redio ikakoroma. Kidoti kikapanda kidogo. Wakakitazama wote, kwa uchovu wa watu wanaosubiri maji yachemke. Ikakoroma tena, kikapanda. Wilibrodi alikuwa na mpango wake ambao hakuwaambia: mkoromo mmoja, Salamu Maria moja. Vidole vilikuwa ndani ya mfuko wa koti, juu ya rozari.

Ulipofika mkoromo mwingine, kidoti hakikusogea. Na uliofuata, vilevile.

— Kimesimama, alisema Rahim.

— Wapi? Muhidin aliinama mpaka kofia yake ikagusa kioo. Kona ya Chemchemi hiyo. Panapotoka maji mwambani. Kilicho pale ni nini sasa?

Akaanza kueleza mwenyewe. Ama lori la mpunga limekwama na limefunga njia, ama injini imechemka. Na kama imechemka, si ajabu. Yeye mwenyewe alipanda na Shedrack baada ya msiba, na kijana yule anaupanda mlima kama aliyekurupushwa na nyuki. Tangu Muze hadi Ntendo, kule mlima unapoishia, hapumzishi gari. Kila safari ni hivyo hivyo.

— Mathias alikuwa anapumzisha pale, aliongeza kwa sauti ya chini. Kila akipanda. Anaweka jiwe kwenye tairi, anaacha injini ipoe. Yule alikuwa dereva.

— Alikuwa anapumzisha, alisema Wilibrodi.

— Waungwana, utaratibu, alisema Kasimiri. Mwenda pole hajikwai, na aliyesimama kabisa ndiye amekwishafika. Hiyo ni ya wahenga.

— Wahenga walisema nusu yake, Spika, alisema Muhidin. Nusu nyingine ni yako.

— Nimewasaidia kumalizia.

Adija alijaza vikombe. Alimtazama mzee. Akainama na kumwambia polepole kwamba namba ya Lydia anayo. Yeye si mkwe, ni mwanamke mwenzake tu, anaweza kumpigia kumsalimu na jibu likaja lenyewe bila kuulizwa.

— Ahsante, mwanangu. Kama yupo njiani, simu haishiki. Kama hayupo njiani, atajua kwamba nimetuma watu wamchunguze. Acha.

— Basi tumwombee.

— Hilo ndilo.

Wazee wakarudi kwenye kidoti, kwa maana kidoti angalau kilikubali kubishaniwa. Rahim alikuwa na yake. Alidai hicho kitu kimeganda tu, kama simu inavyoganda. Gari kwa sasa lipo Ntendo, Shedrack anakula chipsi, na sisi tunahangaika na picha.

— Kingekuwa kimeganda, redio isingekoroma, alisema Wilibrodi. Ukisikia krrr, jua kisanduku kimesema sasa hivi. Kikinyamaza ndipo hujui kama gari limesimama au mlima umelificha.

— Kwa hiyo kinasema, ila kinasema palepale.

— Palepale.

Kasimiri alitafakari, akashusha kikombe. Akasema tatizo lipo juu, kwa wenye setilaiti. Setilaiti zile si za Tanzania, bali za watu wa mbali, na saa za kwao si saa zetu. Huenda sasa hivi kule wamekwenda kula, wakaiacha setilaiti inatazama mahali pamoja. Wakirudi mezani, kidoti kitaruka hadi Chanji kwa mara moja, na tusishangae.

— Setilaiti haina mtu ndani, Spika, alisema Rahim. Inajiendesha yenyewe.

— Wewe umeingia?

— Sijaingia.

— Basi kaa kimya. Asiyejua maana haambiwi maana, na asiyeingia ndani hajui kilichomo.

Muhidin alisema hata yeye haoni sababu ya kuilaumu setilaiti wakati upepo upo. Upepo wa leo ni wa kutoka bondeni, unavuka uwanda wote wa Ufipa, unamwagika Ziwa Tanganyika. Sauti ya kile kisanduku itapeperushwa hadi ng'ambo. Watu wa Moba, kule Kongo, wataipokea na watasema pikapu ya Sumbawanga imewaingilia mjini.

— Wataitoza ushuru, alisema Rahim.

— Wataitoza.

Wakacheka kidogo, kicheko cha watu wasio na nguvu ya kucheka sana. Kasimiri hakutaka kushindwa na upepo. Akaomba kikao kimsikilize. Alisema amekuwa akikitazama kidoti tangu kilipokuwa kinapanda, na mwendo wake haukuwa wa gari. Ulikuwa mwendo wa ng'ombe. Inaonekana Shedrack amekitoa kisanduku akampa mfugaji wa bondeni, na mfugaji, kwa kuogopa wezi, amekifunga kwenye shingo ya dume lake kubwa, apate kujua linalala wapi. Dume limepanda mlima, limefika chemchemi, linakunywa maji. Ndiyo maana kimesimama.

— Na kuku mgeni hakosi kamba mguuni, alimalizia. Ng'ombe mwenye redio, shingoni.

Hapo hata Adija alifunika uso kwa kanga. Wilibrodi mwenyewe alitabasamu, kwa sababu aliujua moyo wa Kasimiri; mtu yule alikuwa anampunguzia saa za kusubiri. Tangu msiba walimfanyia hivyo. Hawakujua namna ya kumpa pole mara ya pili na ya tatu, wakampa upuuzi badala yake, na yeye akaupokea kama sadaka.

Redio ikakoroma. Rahim, aliyekuwa karibu na kioo, akasema bila kufikiri, kama walivyokuwa wakisema miaka yote:

— Mathias bado yupo kona.

Upepo ukapita. Muhidin alitazama kandambili zake. Adija alianza kuosha kikombe ambacho kilikuwa kimeoshwa. Rahim naye alitambua alichokisema.

Walikuwa wamesema hivyo mara nyingi mno. Mathias yupo Muze. Mathias anapanda. Mathias ameingia Ntendo, wekeni maji. Jina lilikuwa limeandikwa pale pembeni ya kidoti, na kidoti kilikuwa hai. Steven wa Mbeya alikwishampigia mzee simu, kwa adabu, akaeleza kwamba leseni ya redio ni ya mtu mwenyewe, hairithiwi kama jembe, na jina lile haliruhusiwi kuendelea kuita hewani wakati mwenyewe hayupo. Atakuja kukiondoa kile kisanduku garini. Wilibrodi alimwambia ni kweli, ni haki, ila asubiri safari hii moja.

— Sema gari, mwanangu, alimwambia Rahim.

— Gari, mzee. Nisamehe.

— Huna kosa. Hata mimi husema hivyo nikiwa peke yangu.

Kasimiri alitafuta methali katika hazina yake yote, na kwa mara ya kwanza akaona heri aiache huko huko.

Ndipo alipotokea mama mmoja wa makamo, amejitanda kanga mbili, na furushi lake linanukia dagaa. Alisimama mbele ya bampa akawasalimu wote, akamwamkia Wilibrodi peke yake shikamoo kwa mvi zake. Akasema ametoka Wampembe kumtazama mgonjwa hospitalini, sasa anasubiri gari la kumrudisha Namanyere na kuendelea, na kwamba baridi ya mji huu haina huruma kwa mtu wa ziwani. Je, kahawa ipo?

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema Kasimiri, akamsogezea gunia lake mwenyewe.

Mama aliketi, akashika kikombe kwa mikono miwili. Akaona wanaume wazima wamezunguka kioo kilichopasuka. Akauliza kama ni mpira.

Kila mtu alitaka kumweleza. Muhidin alimweleza mlima na kona zake. Rahim alimweleza setilaiti na kwamba haina mtu ndani. Kasimiri alimweleza mlingoti wa Mbizi, unavyosikia na kurudia kama mwitikiaji kanisani, na kwa haki akamtajia pia kwamba lipo wazo la ng'ombe, ingawa halijapitishwa. Wakamwonyesha Muze, wakamwonyesha Ntendo, wakamwonyesha kidoti. Walijivuna kidogo, kwa sababu si kila kijiwe kina jambo kama hilo. Mahali lilipo gari tunapajua, walisema, kuliko hata dereva mwenyewe anavyopajua.

Mama alisikiliza hadi mwisho. Akanywa. Akauliza:

— Na humo garini wamo akina nani?

Muhidin alimtazama Rahim. Rahim alitazama kioo, kana kwamba jibu limo kwenye ule ufa. Kasimiri alinyoosha kidole kuomba kikao kitulie, kisha akakikunja.

— Hiyo haionyeshi, alisema Rahim mwishowe.

— Haionyeshi?

— Inaonyesha gari tu.

— Basi samahani. Niliona mnajua mahali na mlima na kila kitu, nikadhani na hilo mnalijua.

Hakusema kwa kejeli. Alikuwa ameuliza tu, kama mtu anayeuliza bei. Aliwatazama mmoja mmoja, akahisi amekanyaga kitu, akamgeukia mwenye mvi.

— Hatujui, mama, alisema Wilibrodi. Ndicho tunachokisubiri.

Akarudisha macho kwenye Kona ya Chemchemi. Alikuwa anaikumbuka siku ambayo wenzake hawakuijua. Muhidin alisema kweli kwamba Mathias alikuwa anapumzisha gari pale, lakini hakujua kwamba hakuanza kwa ajili ya injini. Siku za mwanzo Mathias naye alipanda moja kwa moja kama Shedrack. Alianza kusimama mwaka alipomleta Lydia kwa mara ya kwanza, kuja kufunga ndoa. Binti wa bondeni, hajazoea mlima, zile kona zilimzungusha kichwa akatapika. Mathias akasimamisha gari penye maji, akamnawisha uso, akangoja hadi rangi yake irudi. Wilibrodi na Cornelia, huku nyumbani, waliona kidoti kimesimama, wakapiga magoti wakadhani ni ajali. Gari lilipofika, Cornelia alimkumbatia binti kabla hajamsalimu mwanawe. Tangu siku hiyo Mathias akasimama pale kila safari, Lydia awemo asiwemo. Ikawa mazoea yake.

Shedrack hakuwa na mazoea hayo. Shedrack asingesimama pale kwa hiari yake. Labda injini imechemka kweli. Labda lori limefunga njia. Na labda yumo mtu garini ambaye mlima ule humzungusha kichwa, aliyesema, mdogo wangu, simama hapo penye maji.

Mzee hakulisema hilo kwa yeyote. Aliogopa kulitoa mdomoni, lisije likapoa. Aliomba tu, na alipofika mahali pa kuomba aletewe Lydia, akakosa ujasiri wa kudai, akaomba badala yake kwamba yeyote aliyemo, na hata asiyekuwemo, Mungu awe naye.

Redio ikakoroma.

— Kimesogea, alisema Rahim, safari hii polepole.

Kilikuwa kimeiacha kona. Mkoromo mwingine, kikapanda tena. Muhidin aliondoa kofia, akajikuna kichwa.

— Alikuwa anapumzisha, alisema. Shedrack amepumzisha gari. Hata kujifunza amejifunza lini?

Adija aliinamisha birika kwenye kikombe cha mgeni, yakatoka matone na machicha. Akaliweka chini. Kasimiri alitangaza kwamba kikao kimeahirishwa, bila methali, na mama wa Wampembe akafunga furushi lake akiuliza gari la Namanyere hupakilia upande gani.

Wilibrodi alizima redio. Akakunja waya, taratibu, akaiweka kapuni pamoja na kishikwambi.

— Mzee, kilikuwa kinaingia Ntendo, alisema Rahim. Husubiri kuona mwisho?

— Mwisho nitauona barabarani.

Akasimama kwa kuegemea fimbo. Akageukia sinia.

— Adija, mwanangu, kashata zimebaki?

— Mbili, baba.

— Nifungie.

Adija alimtazama mdomoni, pasipo na meno ya kashata, akafungua kinywa kumtania kama kawaida. Kisha akafunga kashata mbili ndani ya karatasi safi, akaikunja ncha vizuri, akampa kwa mikono miwili. Mzee akaziweka juu kabisa ya kapu, zisije zikavunjwa na redio, akaondoka kwa mwendo wake kuelekea nyumbani.

Gunia lake alilisahau juu ya bampa. Hakuna aliyemwita arudi kulichukua.